Shajara ya mradi: V8 inayopumzisha nusu ya silinda, na tapeti ya silinda ya 7

Siku ya 1, kilomita 187,400

Gari la mjomba limefika likitetemeka. Injini yake ni V8 ya petroli, ya pushirodi: nundu za kamshafti zinasukuma tapeti, tapeti inasukuma pushirodi, yaani kijiti kirefu, nayo inasukuma roka inayofungua valvu. Ina mfumo wa kuzima silinda nne kati ya nane gari linapokwenda bila kubeba mzigo mkubwa. Taa ya injini inapepesa. Ukisimama nyuma, ekzosi inasikika kama mtu anayechechemea: mapigo yanafuatana vizuri, kisha linakuja pengo. Upande wa kushoto wa injini kuna mlio wa ta-ta-ta unaokwenda sambamba na mzunguko. Ukikanyaga mafuta, nao unakimbia.

Skana inasema silinda ya 7 haiwaki. Nimehamisha koili na plagi ya 7 kwenda 5, na za 5 kuja 7. Kosa limebaki palepale, 7. Injekta inapokea umeme na inapiga. Kwa hiyo umeme na mafuta naviweka kando.

Mjomba ana ombi moja tu: "Huo mfumo ung'oe kabisa, nisiusikie tena." Kusema kweli, nami nilikuwa nimekwisha kuamua hivyo kabla sijafungua boneti.

Siku ya 2

Vipimo viwili leo, na uzuri wake ni kwamba vimepingana.

Kompresheni: silinda saba ziko kati ya psi 170 na 185. Ya 7 ina psi 30. Mtu angesema ringi zimekwisha, au valvu imeungua, akaagiza vipuri. Lakini nilipoipandisha pistoni hiyo juu na kuingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, silinda ilishika hewa vizuri kabisa. Iliyovuja haikuzidi asilimia 8. Silinda inayoshika hewa namna hiyo haiwezi kuwa na ringi mbovu wala valvu iliyoungua. Haina kompresheni kwa sababu haina cha kubana: hewa haiingii. Na hewa haiingii kwa sababu valvu ya kuingiza haifunguki.

Kipimo hiki kinachukua nusu saa, na injini nyingi za aina hii zimefunguliwa chini na kubadilishwa ringi bure kwa sababu fundi alitosheka na geji ya kompresheni peke yake.

Siku ya 3

Nimefungua kifuniko cha roka cha kushoto. Nimeweka saa ya kupimia mwendo juu ya roka ya valvu ya kuingiza ya silinda ya 5, mdogo wangu akawa anazungusha krankishafti kwa spana ndefu. Mshale ukapanda polepole hadi karibu milimita 12, ukashuka. Sawa. Nikahamia 7. Akazungusha, mshale ukatetemeka kidogo tu, haukufika hata milimita 1. "Kaka, nimeshazungusha mizunguko miwili," akaniambia. Nikamwomba azungushe tena, nikiwa nimeweka kidole kwenye pushirodi. Ilikuwa imelegea, inacheza.

Tapeti imelala na imekataa kuamka.

Siku ya 3, usiku: jinsi tapeti hii inavyofanya kazi

Naandika hili kwa kirefu kwa sababu mambo yote yanayofuata yanategemea hapa.

Gari zito likienda kilomita 90 kwa saa kwenye barabara tambarare linahitaji kilowati 15 hadi 20 hivi. Injini yake ina uwezo wa zaidi ya 200. Ili itoe hicho kidogo, kizuizi cha hewa inabidi kikae karibu kimefungwa, na pistoni zote nane zinavuta hewa kwa shida, kama mtu anayenyonya kwa mrija uliobanwa. Nguvu inapotea hapo. Ukizizima nne, zile nne zilizobaki lazima zifanye kazi mara mbili, kizuizi kinafunguka zaidi, na kuvuta kunakuwa rahisi. Huko ndiko mafuta yanakookolewa. Silinda iliyozimwa haifungui valvu yoyote: hewa iliyokwisha kuungua inafungiwa ndani, pistoni ikipanda inaibana, ikishuka inarudishiwa nguvu hiyo, kama springi.

Kwenye injini hii silinda zinazopumzishwa ni 1, 4, 6 na 7. Ukifuata mpangilio wa kuwaka, ni kila ya pili, kwa hiyo zinazobaki bado zinawaka kwa nafasi zinazolingana, na abiria hasikii kitu.

Anayezima ni tapeti. Tapeti ya silinda hizo nne ina miili miwili, mmoja ndani ya mwingine, iliyoshikamanishwa na pini ndogo zinazosukumwa nje na springi. Pini zikiwa nje, miili yote miwili inapanda pamoja na valvu inafunguka. Kompyuta ikitaka kuzima, inafungua solenoidi, yaani valvu ndogo ya umeme, presha ya oili inapita kwenye kijia chembamba na kuzisukuma pini ndani. Hapo mwili wa nje unapanda na kushuka na kamshafti peke yake, wa ndani umetulia, na springi nene ya juu inameza mwendo wote.

Sasa fikiria muda. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kamshafti inazunguka mara 1,000, yaani mzunguko mmoja kwa milisekunde 60. Nundu inachukua karibu theluthi ya mzunguko. Pini zinaweza kusogea tu wakati rola, gurudumu dogo la chini ya tapeti, iko upande wa duara wa kamshafti, pasipo na mzigo, na hiyo ni chini ya milisekunde 40. Katika muda huo oili lazima ifike, ijenge presha na isukume pini hadi mwisho. Ikiwa oili ni nzito kwa uchafu, au imechanganyika na mapovu ya hewa, pini inafika nusu, nundu inakuja, na mzigo wote wa springi ya valvu unakaa kwenye ncha ya pini. Kisha pini inachomoka kwa kishindo.

Kwa hiyo oili ya injini hii imepewa kazi ya tatu. Inalainisha, inapoza, na pia inafanya kazi ya mkono unaovuta kitasa. Mkono mchafu unakosea kitasa.

Siku ya 5

Kabla ya kushusha silinda hedi nimefungua sensa ya presha ya oili nyuma ya injini. Chini yake kuna kichujio kidogo cha waya, si kikubwa kuliko ukucha wa kidole kidogo. Nusu ya matundu yake yamezibwa na chembe nyeusi. Sikukifuta. Nimekihifadhi kwenye bahasha.

Siku ya 6

Kwenye injini ya namna hii tapeti hazitoki mpaka hedi zishuke, na boliti za hedi zinavutika zinapokazwa, hazirudishwi. Kazi ya siku nzima, na hakuna la ajabu la kuandika juu yake ila plagi.

Nimezipanga plagi nane juu ya kitambaa kama zilivyokaa. 2, 3, 5 na 8 zina rangi ya kahawia nyepesi, kavu. 4 na 6 zina masizi kidogo. 1 na 7 zimelowa na zina kaboni ngumu. Yaani kitambaa chenyewe kinakuonyesha silinda zipi zinapumzishwa, hata usingejua chochote kuhusu mfumo huu. Juu ya pistoni ni hivyohivyo.

Sababu yake ni ile hewa iliyofungiwa. Inapoa, na nyingine inapenya ringi kwenda chini. Baada ya mizunguko kadhaa, pistoni ikifika chini, presha ndani ya silinda inakuwa ndogo kuliko ya kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, na silinda inaanza kunyonya oili kupitia ringi. Silinda ikiamshwa, oili hiyo inaungua na kuacha kaboni. Kaboni inajaa kwenye mifereji ya ringi za oili, ringi zinakwama, silinda inanyonya zaidi. Ni ugonjwa unaojilisha. Mjomba alikuwa anaongeza lita moja ya oili kila baada ya muda na hakuona doa lolote chini ya gari.

Siku ya 7

Tapeti zote 16 ziko mezani. Nane za kawaida, nane za kuzimika, ambazo unazitambua kwa springi ya juu.

Ya kuingiza ya silinda ya 7 nimeifungua juu ya karatasi nyeupe. Pini moja imerudi ndani na imeganda. Nimelazimika kuigongagonga na kuiloweka ndipo ikatoka. Imefunikwa na utando wa kahawia, laini kwa macho lakini ukiukwaruza kwa kucha hautoki. Hiyo ni oili iliyopikwa. Pini ya pili imetoka kwa urahisi, ila ukingo wake, ambao unapaswa kuwa mkali kama wa patasi mpya, umekuwa wa mviringo, na upande mmoja umemeguka kipande kidogo kuliko punje ya chumvi. Ni ule mzigo wa nusu njia nilioueleza, nikiushika sasa kwa vidole. Nimekaa nao mkononi muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Chini, rola imelegea kwenye bearingi yake ya sindano, na nundu yake kwenye kamshafti imechimbika. Kamshafti haifai.

Hadi hapa nilikuwa nimepata nilichokitafuta: mfumo una hatia, ung'olewe. Kisha nikaendelea kukagua tapeti za kawaida kwa ajili ya ukamilifu tu. Ya kutoa ya silinda ya 3, tapeti isiyo na pini wala springi ya ziada, ambayo haijawahi kuzimwa hata mara moja, rola yake imeanza kumenyeka. Nikaizungusha kwenye mwanga, nikaiosha, nikaizungusha tena. Uso wa chuma umebanduka kama ganda, mahali pawili.

Silinda ya 3 haipumziki. Huyu wa pili hakuuawa na mfumo.

Siku ya 8

Nimempigia mjomba. "Mjomba, oili huwa unabadilisha baada ya kilomita ngapi?"

"Taa ikiwaka, mpwa wangu. Si ndiyo kazi ya taa?"

Ana daftari anamoandika mambo yote ya gari, na amelileta. Kati ya badiliko moja na jingine kuna kilomita 14,000, 16,000, mara moja 17,500. Kuna kitu kingine nilichomwuliza hakimo daftarini: huliacha gari likinguruma limesimama, saa moja au zaidi kwa siku, akisubiri wateja akiwa na kiyoyozi.

Kwenye V8 ya pushirodi, nundu za kamshafti na rola za tapeti zinapata sehemu kubwa ya oili yake kwa kurushiwa na krankishafti inapozunguka. Injini ikiwa inanguruma tu, krankishafti inarusha kidogo. Kilomita hazisogei, lakini saa zinahesabika, na rola inazunguka katika oili haba na iliyochoka. Hilo linaelezea silinda ya 3. Linaelezea na sehemu ya 7 pia.

Siku ya 9

Leo sikushika spana. Nimefikiri tu.

Kampuni ya Cadillac ilitoa V8-6-4 mwaka 1981, injini ya lita 6 iliyoweza kwenda kwa silinda nane, sita au nne. Ilizimwa kwa solenoidi za umeme zilizokaa juu ya roka, na vyuma vyake havikuwa na shida kubwa. Kompyuta ya siku zile ndiyo iliyoshindwa kwenda na kasi ya mambo. Gari lilishtuka, likasita, na wamiliki wengi walikata waya mmoja ili libaki nane daima. Baada ya mwaka mmoja tu mfumo ukaondolewa kwenye magari mengi ya kampuni hiyo. Mitsubishi nao walijaribu kwenye silinda nne mwaka 1982. Kisha wazo likalala kwa miaka mingi, hadi kompyuta zilipokuwa na akili ya kutosha, na kufikia miaka ya 2004 na 2005 V8 kadhaa za Marekani zilikuwa nalo tena. Mwaka 2019 General Motors wakaleta mfumo wenye tapeti zote 16 za kuzimika na mipangilio 17 tofauti ya silinda zinazowaka.

Tazama jinsi mzigo ulivyohama. Mwaka 1981 chuma kiliisubiri kompyuta. Leo kompyuta inaamua kwa usahihi mkubwa, mara nyingi zaidi kuliko dereva anavyoweza kuhesabu, na anayebaki nyuma ni pini ndogo ndani ya oili.

Volkswagen mwaka 2012 walikwenda njia nyingine kwenye injini ndogo ya lita 1.4. Tapeti hazihusiki. Juu ya kamshafti kuna mikono ya chuma, yaani mirija iliyoivaa kama mkono wa shati, yenye mifereji ya mzunguko. Umeme unashusha kijiti ndani ya mfereji, mkono unateleza pembeni, na valvu za silinda ya 2 na ya 3 zinakaa chini ya sehemu isiyo na nundu. Anayesukuma ni kamshafti yenyewe, si presha ya oili. Kama ningeulizwa njia ipi ina nafasi ya kuzeeka vizuri mikononi mwa watu wanaochelewesha oili, ningeichagua hiyo bila kusita.

Lakini mezani kwangu kuna V8 ya tapeti. Kuung'oa mfumo maana yake ni kamshafti ya aina nyingine, tapeti 16 za kawaida, kifuniko cha katikati kisicho na solenoidi, na kuandika upya programu ya kompyuta. Katika nchi nyingine, Marekani ikiwemo, sheria ya hewa safi inakataza kuchezea vifaa vinavyohusiana na moshi, na gari linaweza kukataliwa kwenye ukaguzi. Kuna pia kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya skana, kinachoifanya kompyuta isiombe kuzima. Kinapunguza mara ambazo pini inasogea, na kinazuia silinda kunyonya oili, hilo ni kweli. Ila tapeti za pini zinabaki mle ndani, na oili chafu inabaki chafu.

Na tapeti ya 3 inanikodolea macho. Nikimwekea mjomba tapeti 16 za kawaida kisha akaendelea na kilomita 16,000 na kunguruma, atarudi kwangu na rola iliyomenyeka, na safari hiyo hakutakuwa na mfumo wa kuulaumu.

Nimeamua: mfumo unabaki, kila kinachougusa kinawekwa kipya, na oili inabadilishwa kwa kilomita 6,000 au saa 200 za injini, kitakachotangulia. Mjomba alinyamaza kwenye simu, akauliza tena kuhusu ile ya silinda ya 3, akakubali.

Siku ya 12 hadi 16

Kamshafti mpya. Tapeti 16 mpya, si moja. Vishikio vyake vya plastiki pia, kwa sababu ndivyo vinavyozuia tapeti isijigeuze. Kishikio kikilegea, rola inakaa mshazari na kuikata nundu ndani ya muda mfupi. Kifuniko cha solenoidi na kichujio chake kipya. Pushirodi ya 7 ilikuwa imepinda kidogo, nimeiviringisha juu ya kioo na mwanga ukapita chini yake. Sampu imeshushwa, pampu ya oili imebadilishwa. Bearingi za krankishafti zina mikwaruzo membamba lakini vipimo viko ndani ya kiwango.

Pistoni za 1, 4, 6 na 7 nimezitoa, nimesafisha mifereji ya ringi kwa mkono na kuweka ringi mpya. Mashimo ya kurudishia oili kwenye pistoni ya 1 yalikuwa yamezibwa yote. Nimeyazibua moja moja.

Vijia vya oili ndani ya bloku nimevipitishia brashi, kisha kisafishio, kisha hewa, kisha nikaanza upya. Mara tatu. Hapa sikubali haraka. Chembe moja iliyobaki itakwenda moja kwa moja kwenye pini mpya.

Siku ya 18

Tapeti zimelala kwenye oili safi usiku kucha. Kabla ya kuwasha nimesukuma oili kwa presha kutoka nje, kupitia tundu la sensa, huku mdogo wangu akizungusha krankishafti kwa mkono, hadi ikatokea juu ya kila roka. Kuwasha injini mpya ikiwa kavu na kutegemea pampu ifike kwa wakati ni kuanza safari kwa kuumiza rola.

Imewaka kwa mara ya kwanza. Hakuna ta-ta-ta. Mdogo wangu ameweka mkono juu ya ekzosi, akahesabu kimoyomoyo, akatikisa kichwa kuwa sawa.

Siku ya 24, kilomita 188,300

Oili ya kwanza imemwagwa mapema. Nimepasua filta na kuikunjua karatasi yake chini ya taa: vumbi kidogo la chuma, kama linavyotarajiwa kwa kamshafti mpya. Hakuna vipande.

Kwa udadisi nimeendesha barabara ileile, kilomita 90 kwa saa, kwenda na kurudi, kwanza nikiwa nimeizuia kuzima kwa kutumia skana, kisha nikaiachia. Lita 11.6 kwa kilomita 100, kisha 10.9. Asilimia 6 hivi. Si muujiza, lakini kwa mtu anayesafiri kama mjomba ni mafuta halisi, na nimefurahi kwamba sikuyatupa.

Kilomita 193,500

Mjomba amekuja kwa wakati. Daftari lake lina safu mpya aliyoichora kwa rula: "saa za injini". Ameandika 171.

Filta imepasuliwa, karatasi ni safi. Kichujio kidogo chini ya sensa ni safi. Nimekilinganisha na kile cha kwenye bahasha na kumwonyesha vyote viwili. Hakuongeza oili hata mara moja, ingawa kijiti kinaonyesha imepungua kidogo.

Plagi za 1, 4, 6 na 7 zimekaa tena juu ya kitambaa. Ya 4, 6 na 7 ni kavu, kahawia. Ya 1 ni kavu pia, ila ina duara jembamba la unyevu kwenye nyuzi za chini. Silinda hiyo ndiyo iliyokuwa na mashimo yaliyoziba, na huenda ukuta wake una mchubuko ambao kupima kwangu hakukuuona, au ringi bado hazijakaa. Nimeirudisha plagi ileile bila kuifuta, nimeiwekea alama ya rangi, na tutaitoa tena kilomita zikifika 199,500.